Ndege ya Mpwa Wangu na Mizani ya Pamba

Nina malalamiko dhidi ya Serikali ya Marekani, na kwa kuwa sijui dirisha la kuyapelekea, nayaleta hapa. Wameandika sheria nzuri mno ya watu kujiundia ndege majumbani, wakaianika kwenye intaneti isomwe na kila mtu, bila kufikiria kwamba huku Sola, wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu, kuna vijana wenye simu, bando la usiku na mashine ya kuchomelea.

Mmoja wa vijana hao ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Alisomea uchomeleaji, akawa anatengeneza mageti na grili za madirisha, na nyumba nyingi mnazoziona njiani kuelekea Maswa mjini zina mkono wake. Angebaki hapo tungeelewana vizuri. Lakini tangu alipouza maksai wake akaenda Mwanza, akarudi na injini ya Volkswagen ya zamani, ile inayopozwa kwa upepo bila maji, uwanja wangu si wangu tena. Mbuzi wamehamia karibu na jiko. Kuku wanataga ndani ya bawa la kushoto. Mimi nanunua umeme wa luku, grenda inaula, na nikiuliza nani atalipa naambiwa nisubiri, historia inaandikwa.

Historia yenyewe ina swali moja, na swali hilo nimelisikia asubuhi kabla ya chai na usiku baada ya ugali: ndege ya kujiundia nyumbani inaweza kuhesabika chini ya sheria ya ndege nyepesi za michezo? Analiuliza kwa mwalimu wa fizikia, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa muuza dagaa. Juzi kaliuliza kwa mgeni aliyekuja kututaarifu msiba.

Sasa, mimi ni mwalimu mstaafu na mkulima wa pamba. Sikutaka kujua. Lakini mtu akikariri kitu karibu na sahani yako kila siku, utakijua tu, na ghadhabu niliyonayo ni kwamba nimeanza kukijua vizuri.

Ipo hivi. Tangu Septemba 2004 Wamarekani wana kundi la ndege wanaloliita nyepesi za michezo. Kwa sheria ile ya 2004, uzito wake wakati wa kupaa, pamoja na watu, mizigo na mafuta, usizidi kilo 600, au 650 kama ni ya kutua majini. Viti viwili basi. Injini moja ya pistoni, si jeti. Magurudumu yasiyokunjwa, isipokuwa kwa zile za majini. Pangaboi ambalo rubani hawezi kuligeuza pembe akiwa hewani. Mwendo wake wa juu usipite kilomita 222 kwa saa, na bawa liwe linaendelea kubeba mpaka mwendo ushuke chini ya kilomita 83. Mpwa wangu akifika hapo huinua kidole na kusema, “Mjomba, umeona? Hawajataja mahali popote kwamba lazima iundwe na Mzungu.”

Ni kweli hawajataja. Ila swali lake lina milango miwili, na yeye anataka kupita yote kwa hatua moja.

Mlango wa kwanza ni wa cheti cha ndege yenyewe. Ili ndege iandikwe kwenye karatasi kuwa ni nyepesi ya michezo iliyo tayari kuuzwa na kukodishwa, lazima itoke kiwandani, na mwenye kiwanda atie saini kwamba amefuata viwango vilivyokubaliwa na wenzake wa fani hiyo. Mwenye kiwanda hapa ni nani? Ni mimi, mwenye ua? Ndege iliyoundwa na mtu kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha inaandikwa kwenye daftari jingine, daftari la ndege za majaribio, mradi zaidi ya nusu ya kazi ya kuiunda iwe imefanywa na watu wa namna hiyo, wasio na biashara nayo. Kwa hiyo upande wa cheti, jibu ni hapana. Ilizaliwa ya majaribio na itazeeka ya majaribio.

Mlango wa pili ni wa rubani. Hapa sheria haimuulizi nani aliichomelea, inauliza tu kama inatosha kwenye vipimo. Ikitosha, basi mtu mwenye leseni ya urubani wa michezo anaweza kuirusha hata kama imeundwa zizini. Na leseni hiyo si ile ya kumfilisi mzazi: saa 20 za mafunzo ndizo kiwango cha chini, na kwa upande wa afya, leseni halali ya kuendesha gari inatosha kuwa ushahidi kwamba mtu ni mzima. Kwa hiyo upande wa rubani, jibu ni ndiyo.

Hapana na ndiyo kwa swali moja. Majibu ya namna hiyo ndiyo yanayovunja familia. Dada yangu amesikia “hapana” tu, mpwa wangu amesikia “ndiyo” tu, na wote wawili wananinukuu mimi.

Kuna pia mlango wa uani, ambao nilimwonyesha mwenyewe kwa nia njema. Wamarekani wanaruhusu ununue ndege nyepesi ya michezo ikiwa vipande ndani ya makasha, uiunge mwenyewe. Kampuni ya Van's Aircraft ya huko Oregon inauza moja inayoitwa RV-12 kwa mtindo huo. Hapo hakuna anayekuuliza kama umefanya nusu ya kazi au robo. Sharti ni kwamba uifuate nakala ya kiwanda bolti kwa bolti, na mpaka upate cheti usibadilishe hata mahali pa kuning'iniza miwani. Mpwa wangu aliposikia sharti hilo alicheka mpaka akakaa chini. Huyu ni mtu aliyenitengenezea mlango wa choo kwa mchoro wangu, na nilipourudia nikakuta unafungukia juu.

Basi nikamwambia aangalie waliomtangulia, maana si wa kwanza katika ukanda huu kupatwa na homa hii.

Kenya walikuwa na Gabriel Nderitu, mtu wa kompyuta kutoka Nyeri, aliyejulikana kuanzia 2010 kwa ndege aliyoijenga kwa injini ya Toyota na pangaboi la mbao. Habari za wakati huo zilisema ina uzito wa takribani kilo 800. Kilo 800! Hata kabla haijawashwa ilikuwa imeshavuka mpaka wa Wamarekani kwa kilo 200, yaani robota zima la pamba likiwa limekaa juu ya mabawa. Alijenga nyingine na nyingine baada ya hapo, na kila ilipotoka uani wapiga picha walikuwepo. Uganda, mwaka 2011, Chris Nsamba na wenzake walikuwa wanaunda ndege waliyoiita African Skyhawk nyuma ya nyumba ya mama yake, Ntinda, Kampala. Nimemsoma huyo mama kwa huruma ya pekee, ingawa magazeti hayakumhoji vya kutosha. Na kwetu hapa, Tunduma, Adam Kinyekile, fundi wa kuchomelea kama mpwa wangu, aliunda helikopta, picha zikazagaa nchi nzima kuanzia kama mwaka 2016.

Nami nina neno hapa, na mtanisamehe kama linauma. Tunawapenda sana watu hawa kwa muda wa picha moja. Tunasimama mbele ya chuma, tunapiga picha, tunaandika “Mtanzania ashangaza ulimwengu”, tunauliza, “Itaruka lini?” Hakuna anayeuliza ina kilo ngapi. Hakuna anayeuliza bawa lina mita ngapi za mraba. Injini ina nguvu ya farasi wangapi, na uzito wote umekaa mbele au nyuma ya bawa? Hayo ndiyo maswali ambayo fundi angeweza kuyajibu kwa futi kamba na mizani kabla hajachoma luku ya mtu. Badala yake tunamshangilia mpaka anaamini kwamba shangwe ni sehemu ya injini.

Maana ndege ya nyumbani si ndoto ya kichaa, na hilo ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu linampa kijana wangu hoja. Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini, wanafunzi kutoka mazingira mbalimbali, waliunganisha wenyewe ndege aina ya Sling 4 iliyokuja kwa vipande, maelfu ya vipande, kazi ya majuma matatu. Kisha binti wa miaka 17, Megan Werner, ambaye ndiye aliyeuanzisha mradi, akaongoza safari ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Njiani walipita huku kwetu, Zanzibar na bara. Ndege iliyofungwa bolti na watoto ilitua Tanzania kwa heshima zote, na mimi wakati huo nilikuwa nabishana na madalali wa pamba. Ila wapeni vijana wale haki yao: walifuata mchoro uliokwisha kuruka mara nyingi, walisimamiwa na watu wa kiwanda chenyewe, na waliokaa kwenye usukani walikuwa na leseni. Na Sling 4 ina viti vinne na uzito unaopita kilo 600, kwa hiyo kwa kipimo kile cha 2004 haikuwa nyepesi ya michezo hata kidogo. Iliruka tu, bila kujali daftari la mpwa wangu.

Haya, turudi Sola. Habari za ndege zilipoenea, kila mtu alikuja na haja yake. Viongozi wa chama chetu cha msingi cha wakulima walitaka kujua kama inaweza kunyunyiza dawa ya funza wa vitumba. Vijana wa bodaboda walituma ujumbe wa watu wawili kuuliza kwa ukali kama nauli ya kwenda Bariadi itashushwa. Shangazi yetu, mama wa watu, alikuja na michembe kwenye kapu, akaketi, akasema, “Ng'wanone, mimi sitaki mbali, nipeleke tu Lamadi nikamwone mdogo wangu, nitakupa kuku.”

Hapo ndipo nilipofurahi kidogo, kwa mara ya kwanza tangu injini ije. Ndege ya kujiundia, kwa Wamarekani hao hao, hairuhusiwi kubeba mtu wala mzigo kwa malipo. Si shilingi, si kuku, si michembe. Na mlangoni inaandikwa kwa herufi zenye kimo cha kati ya inchi 2 na 6 kwamba hii ni ya majaribio, kisha ndani panabandikwa tangazo la kumwambia abiria kuwa chombo hiki kimeundwa na mtu asiye kiwanda na hakikufuata masharti ya usalama ya ndege za kawaida. Nimeipenda hiyo. Serikali inamwachia mtu uhuru wa kujivunja mguu, ila inataka aandike hivyo mlangoni. Ningependa tangazo la aina hiyo kwenye mabasi fulani, lakini tusitoke nje ya mada.

Shangazi alisomewa tangazo lote kwa Kisukuma. Akafikiri. Akauliza kama bei ya kuku inaweza kupungua.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi nililingoja muda mrefu. Alisema: “Kijana, nimekusikia. Marekani wanasema hivi, Marekani wanasema vile. Sasa Tanzania wanasemaje?”

Kimya. Grenda ilizimwa.

Hili ndilo jambo linalonitoa usingizini. Mpwa wangu anazijua sheria za Washington kwa namba ya kifungu, lakini hajapiga hodi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo ipo tangu 2003 na inasimamia anga tunayoiona kwa macho yetu. Kuna Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80. Kuna alama ya 5H ambayo ndege iliyoandikishwa nchini lazima iwe nayo ubavuni. Kuna wakaguzi ambao kazi yao ni kuja kutazama kitu kama hiki kabla hakijaondoka ardhini, na wangemwambia afuate njia gani. Cheti cha Marekani kingemfaa nini kwenye uwanja wa shule ya msingi? Hata Mmarekani mwenyewe na ndege yake ya majaribio akitaka kuingia nchi nyingine hawezi kuitikisa tu karatasi yake. Mkataba wa Chicago wa 1944 unataka ndege inayovuka mipaka iwe na cheti cha ubora kinachotimiza viwango vya kimataifa, na hizi za nyumbani hazina, kwa hiyo huomba ruhusa ya nchi moja baada ya nyingine. Wale vijana wa Afrika Kusini walibeba karatasi, si bolti peke yake.

Nilimwambia aandike barua. Alisema ataandika akishapata jibu la swali lake la awali. Nikamuuliza, “Na ukilipata?” Akasema ndipo atajua aandike barua kuhusu nini. Huyu ni mtoto wa dada yangu, mnaweza kuona damu hiyo ilivyo.

Sasa, katika masharti yote hayo, lilikuwepo moja ambalo hata Sola tungeweza kulithibitisha bila kuomba msaada kwa mtu: uzito. Msimu wa pamba ulikuwa umeanza, mizani ya chama cha msingi ilikuwa imehakikiwa, na karani alikuwa pale na kitabu chake cha stakabadhi. Tukaisukuma ndege barabarani ikiwa haina mabawa, mabawa yakafuata kwenye mkokoteni, kuku wakafuata mabawa kwa sababu mayai yao yalikuwa bado ndani. Wakulima waliokuwa kwenye foleni na viroba vyao walitupisha, ninaamini kwa woga.

Ndege haipimwi kama gunia. Kila gurudumu linapimwa peke yake, kisha unajumlisha. Wenye uwezo huweka mizani tatu kwa mpigo. Sisi tulikuwa na moja, kwa hiyo gurudumu moja lilipanda mizani na mengine mawili yakapandishwa juu ya matofali ili ndege ikae sawa, halafu tukabadilishana. Karani aliandika kila namba kwa mwandiko mzuri, chini ya safu ya jina la mkulima. Mabawa yalipimwa mwisho. Jumla ikaja kilo 230 tupu.

Kijana alitaka kuruka pale pale, bila ndege. Nikamkumbusha kwamba huko Marekani kuna pia kundi dogo zaidi, la vyombo vya mtu mmoja visivyohitaji leseni wala kuandikishwa, ambalo mwisho wake ni kilo 115 tupu. Kwa hiyo njia ya mkato amekosa. Hakujali. Alikuwa na kilo 370 za akiba kufika 600. Akaanza kuzitumia hapo hapo kwa mdomo: tangi kubwa, taa, redio, viti vya ngozi, pangaboi la kisasa la kugeuzwa pembe hewani.

“Ukifunga hilo umekwisha,” nikamwambia, na nikamweleza sharti ambalo yeye huwa analiruka akikariri. Ndege inatakiwa iwe ndani ya vipimo hivyo tangu ilipopewa cheti cha kwanza, mfululizo. Siku moja tu ukiiandikia uzito wa kilo 601, au ukafunga pangaboi lile, rubani wa michezo haruhusiwi kuigusa tena, hata kama kesho yake utakirudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Karani, ambaye alikuwa anasikiliza kalamu ikiwa sikioni, ndiye aliyelielewa haraka kuliko sisi. “Ni kama pamba,” akasema. “Ikishaingia mchanga na maji ni fifi. Uianike, uichambue, ulie machozi, kwangu haiwi safi tena.” Wakulima kwenye foleni wakaguna kwa uchungu. Sijawahi kusikia kifungu cha sheria ya anga kikieleweka kwa wananchi kwa kasi ile.

Tungeishia hapo tungekuwa tumefanya kazi ya maana. Lakini mwezi ule ule, tarehe 22 Julai 2025, huko Oshkosh, Wisconsin, kwenye maonyesho yao makubwa ya ndege, Wamarekani wakatangaza sheria mpya. Mpwa wangu aliipata usiku, kwa bando la usiku, na akaniamsha usiku. Wamefuta kipimo cha uzito! Kuanzia tarehe 22 Oktoba mwaka huo rubani wa michezo haulizwi tena kilo. Anaulizwa mwendo ambao bawa linaachia bila kusaidiwa na flapi: usizidi kilomita 109 kwa saa. Viti vinaweza kufika vinne, ingawa abiria ni mmoja tu. Hata pangaboi la kugeuza pembe limeruhusiwa. Upande wa vyeti vya viwandani mabadiliko yalipangiwa kuanza mwaka uliofuata, Julai 2026, na sisi, kama nilivyokwisha kusema, si kiwanda.

Ninaomba mtazame dhuluma hii. Kipimo kimoja tulichokuwa na kifaa chake Sola nzima, kimefutwa. Kimebaki kile ambacho ili ukijue kwa hakika inabidi uwe juu, ndani ya chombo, ukipunguza mwendo kidogo kidogo mpaka kianze kuanguka. Kutoka kwenye mizani ya pamba tumepelekwa mbinguni.

Mwalimu wa fizikia akasema hapana, inawezekana kukadiria kwa karatasi. Alikuja Jumamosi na kikokotoo. Bawa lilipimwa kwa futi kamba, likaja mita za mraba 12. Akaeleza kwamba mwendo wa kuachia unategemea uzito wote ukigawanywa kwa eneo la bawa, kisha unatafuta kipeuo cha pili, na kwamba hewa ya huku kwetu, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, ni nyembamba, kwa hiyo injini itapumua kwa shida na ndege itahitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Kukimbia zaidi wapi, nikauliza. Uwanja wa mpira unaishia kwenye mikaratusi, na mbuga ya chini wakati wa mvua inameza hata trekta. Mwalimu akasema swali hilo liko nje ya fizikia.

“Ninachohitaji,” akasema, “ni uzito kamili. Ndege, mafuta, rubani na abiria.”

Ndege tunayo, kilo 230. Mafuta ni lita 20, kilo 15 hivi. Rubani, yaani mpwa wangu, ambaye leseni pekee aliyonayo ni ya pikipiki, ni kilo 62. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Nikakataa kwa hoja. Kwa mara ya kwanza nilijikuta naikumbatia sheria ya Marekani kwa mikono miwili. Niliwaambia ndege ya kujiundia yenye injini kama hii, isiyo na cheti cha anga, hupewa saa 40 za majaribio za mwanzo, katika eneo lililotengwa mbali na makazi ya watu, na katika saa hizo haibebi abiria. Saa 40! Kwa mafuta ya lita 20 na mfuko wa mpwa wangu, nitakuwa nimeshazikwa kwa heshima kabla ya saa ya tano. Kwa hiyo hakuna haja ya kunipima, leo wala mwakani.

Mpwa wangu alinitazama kwa upole wa mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara. “Mjomba,” akasema, “hiyo ni sheria ya Marekani. Hapa ni Sola.”

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti naye alipiga, nimemwandika. Sijui nani alinisukuma, lakini nilijikuta juu ya mizani ya chama cha msingi, viatu mkononi, mbele ya foleni ya wakulima wenzangu. Kilo 88. Jumla 395. Mwalimu akabonyeza kikokotoo, akatangaza kwamba bawa litaachia kwenye kilomita 70 kwa saa, chini ya kipimo cha zamani na chini zaidi ya kipimo kipya, ilmradi mimi nisinenepe.

Karani akalowesha kidole, akafungua ukurasa mpya wa stakabadhi, akaandika jina langu na kilo zangu. Alipofika kwenye safu ya daraja, aliinua kichwa akanitazama kuanzia mvi mpaka soksi.

“Mwalimu,” akasema, “nisamehe. Nakuandika fifi.”